Ondoa Silabi Uone

Kazi yangu yote imekuwa kufundisha ushairi wa Kiswahili, kwanza Mbinga kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, kisha ufukweni Mbamba Bay. Muda wote huo nimeshikilia hoja moja ambayo haikupendwa sana na wasahihishaji wenzangu: kuhesabu mizani si kuchambua shairi. Mwanafunzi akiandika kwamba ubeti una mishororo minne, mizani 16 kwa kila mshororo, na vina vya kati na vya mwisho, ametaja viungo tu. Uchambuzi huanza anapouliza silabi fulani inafanya kazi gani, na njia ya kuuliza niliyoiamini ni kuiondoa. Mshororo wangu wa ubaoni ulikuwa huu: “Kahawa ikishaiva, huchumwa kwa taratibu.” Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani 8; utao, kipande cha pili, 8. Ondoa “sha”, ukwapi unabaki na 7. Mwanafunzi mwenye haraka atasema imetiwa kujaza pengo, lakini “ikiiva” si “ikishaiva”: mkulima wa Kimatengo hachanganyi buni inayoanza kugeuka rangi na buni iliyokwisha kuwa nyekundu. Hapo mizani imembana mtunzi mpaka akasema jambo kwa usahihi zaidi. Sasa ondoa “kwa”. Utao nao unabaki na 7, ila maana haikupungua hata kidogo. Hiyo ndiyo silabi ya kujazia, na imo katika mshororo uleule.

Nimeambiwa kwamba kipimo hiki kinawaonea watunzi, kwa kuwa desturi inawaruhusu mazida na inkisari, yaani kurefusha na kufupisha maneno. Ni kweli inawaruhusu, lakini ruhusa haifanyi kila silabi iliyoongezwa kuwa ya thamani. Pingamizi lenye uzito ni jingine: shairi la mapokeo ni la kuimbwa, na sauti ina mahitaji yake. Hili halihitaji ushahidi wa Lamu wala Mombasa. Katika mganda na kioda, ngoma za Ziwa Nyasa, kiongozi hubadilisha maneno na waitikiaji hurudia yaleyale, na ngoma husimama juu ya marudio hayo, jinsi ubeti unavyotulia kwenye kibwagizo. Kwa hiyo kipimo kiulizwe mara mbili, kwa maana na kwa pumzi. “Kwa” yangu inaponea kwenye pumzi, tena kwa shida. Wanaosema vina na mizani ni mambo ya pwani tu, huku bara tumeazima, wangesikiliza kwanza muundo huo wa mganda na kioda.

Baada ya Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, 1974, kulikuwa na waliodai kwamba shairi huru halina cha kupimwa. Sheria za kutunga mashairi alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954 hazilifikii, nakubali. Lakini nalo lina mahali linapokatwa mistari. Iandike mistari hiyo mfululizo kama barua, usome. Kama hakuna kilichopotea, ni nathari iliyokatwa vipande, na hivyo ndivyo nilivyoisahihisha, hata mtunzi awe mashuhuri kiasi gani.