Mkopo Ambao Baba Hakuuchukua

Kompyuta ya nyumbani ilipozeeka na kuwa nzito, baba aliiwekea Linux, ikachangamka. Kisha binti yake wa darasa la sita akaja na flashi yenye programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows. Ikagoma kufunguka.

"Baba, za wenzangu zinafungua."

Usiku ule baba aliwaza kukopa anunue nyingine. Kesho yake fundi akamwelekeza kwenye Wine, programu ya bure iliyoanza mwaka 1993, ambayo hutafsiri maombi ya programu za Windows ili Linux iyaelewe.

Wakaiweka pamoja, binti akiandika amri mwenyewe. Hesabu zikafunguka, ila bila sauti.

"Samahani, mwanangu."

"Haidhuru baba, maswali nitayasoma mwenyewe."

Wazo la mkopo likaishia hapo.