Pikipiki inazima, ukiichungulia inapona

Najua niliahidi kwamba leo ningeendelea na ile habari ya kuhamisha hifadhidata, lakini itangoja. Wikendi iliyopita nilikuwa nyumbani Mariakani, na yaliyonikuta huko afadhali niyaandike kabla sijaanza kuyapamba.

Mdogo wangu ni mwanaboda. Pikipiki anayoendesha ilikuwa yangu: cc 150, ya kabureta, niliinunua mkononi mwa mtu nikaitumia Nairobi mwaka mmoja na nusu, kisha nikaipakia kwenye lori nikampelekea. Hatukuandikishana, ila makubaliano yalikuwa kwamba kila Jumamosi anampa Mama kiasi fulani cha matumizi ya nyumba, kinachobaki ni chake. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda. Halafu simu zikaanza. "Kaka, imezima tena."

Alivyoieleza ilikuwa hivi. Anatoka stejini na abiria, anashika barabara ya Bamba, pikipiki inakwenda vizuri tu. Baada ya kilomita kadhaa inaanza kukohoa kama mtu aliyepaliwa, nguvu zinaisha, inazima. Anapiga kiki mpaka mguu unauma, wapi! Abiria anashuka, anasimamisha boda nyingine, anaondoka bila kulipa. Yeye anafungua hiki na kile, hakuna kitu, anaketi kivulini kungoja injini ipoe. Baada ya robo saa inawaka kwa kiki moja, kana kwamba haikuwa na lolote.

Injini haitaki mengi. Inataka petroli, hewa, cheche inayotoka kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, utasukuma. Na kwa sababu hii yake ilizima ikiwa moto na kupona ikipoa, fundi wa kwanza akasema ni umeme. Si mjinga huyo fundi. Waya uliokatika ndani ya koili unaweza kuachana ukipata joto na kugusana tena ukipoa, jambo hilo lipo kabisa. Akabadilisha plagi, kisha koili. Ikazima. Fundi wa pili akabadilisha CDI, kile kisanduku kinachoamua cheche itoke lini. Ikazima. Wa tatu akaifungua kabureta, akasema ina uchafu (na kabureta gani haina uchafu katika vumbi lile?), akaisafisha. Ikazima. Kufikia hapo pesa za Mama zilikuwa zimesimama wiki tano, na stejini pikipiki ilikuwa imeshapewa jina: Marehemu.

Mimi huku Nairobi nikawa na nadharia yangu. Ningependa kusema ilikuwa ya kiufundi. Nilidhani ananidanganya. Kila nikiuliza habari za pesa, pikipiki imekufa. Na alivyozidi kuniambia mambo yasiyoingia akilini, ndivyo nilivyozidi kuamini hivyo. Aliniambia, kwa mfano, kwamba tanki likijaa ndipo inazima upesi, kuliko ikiwa na petroli kidogo. Nikacheka kwenye simu. "Kwa hiyo ikishiba inalala?" Yeye hakucheka.

Nilipofika Ijumaa nilichukua ufunguo nikaizungusha mle mjini karibu nusu saa. Haikukohoa hata mara moja. Nikamrudishia ufunguo mbele ya Mama nikasema, "Mbona mimi naiona ni nzima?" Wale mnaoandika programu mtaijua sentensi hiyo. Ndiyo ile tunayomwambia mteja: kwangu inafanya kazi. Aliupokea ufunguo, akasema tu, "Kesho twende Bamba, kaka. Wewe keti nyuma."

Tukaenda. Akajaza tanki kwanza, kwa pesa zangu. Tulikuwa hata hatujauzoea mwendo nikaisikia chini yangu, kohoo, kohoo, kisha kimya. Akapiga kiki kama ishirini. Halafu mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kifuniko cha tanki.

"Unafanya nini?"

"Naangalia mafuta."

"Si tumejaza sasa hivi?"

"Ndivyo ninavyofanya siku zote. Hata mafundi huanzia hapo."

Nikamwambia ngoja kwanza, usiguse. Sijisifu, ni mazoea ya kazi tu. Seva ikikwama, anayekimbilia kuizima na kuiwasha anafuta ushahidi wote. Na yuko mdudu wa programu tunayemwita haizenbagi, kwa kulitania jina la Werner Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani: ukimchungulia, anatoweka. Pikipiki hii ilikuwa imechunguliwa na watu wanne, na kila mara uchunguzi ulianza kwa kufungua kifuniko.

Basi tukaanza na cheche. Tukachomoa plagi, tukairudisha kwenye kofia yake, tukaigusisha na chuma cha injini, akapiga kiki. Cheche ya buluu, kali. Koili mpya, CDI mpya, pesa zote hizo zilikwenda bure. Plagi yenyewe ilikuwa kavu, na hiyo nayo ni habari, kwa sababu injini iliyozidishiwa petroli huilowesha plagi. Tukaifunga. Kisha nikalegeza ile skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta. Yakatoka matone machache, yakakoma. Koki iko wazi, tanki limejaa mpaka shingoni, na kabureta ina kiu.

"Haya, sasa fungua."

Alipozungusha ufunguo, tanki lilivuta pumzi. Fyuuu! Tuliisikia wote wawili, na papo hapo petroli ikaanza kunimwagikia vidoleni. Nikafunga skrubu haraka, injini bado ilikuwa ya moto.

Pikipiki kama hii haina pampu ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake yenyewe, na ikishuka ni lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kifuniko kina kitundu. Kitundu kikiziba, presha ya hewa iliyofungiwa juu inapungua mpaka petroli inakataa kushuka, na upungufu wenyewe si lazima uwe mkubwa. Petroli yenye kina cha sentimita 20 inasukuma kwa kilopaskali 1.5 hivi, wakati hewa ya nje ina kama 101. Kwa hiyo asilimia moja na nusu tu inatosha kukuacha porini. Ukingoja, hewa hujipenyeza polepole na mambo yanarudi sawa. Kumbe kile kivuli kilikuwa kinapewa sifa isiyo yake. Na sasa fikiria tanki lililojaa. Hewa ya juu ni kidogo mno, petroli kidogo ikitoka hewa hiyo inatanuka sana na presha inaanguka. Tanki lenye nusu lina hewa nyingi, linavumilia. Mdogo wangu alikuwa ameniambia jibu kwenye simu, nami nikamfanyia mzaha.

Nikakipindua kifuniko. Ndani kulikuwa na kipande cha mpira, tyubu kuukuu iliyokatwa duara kwa makasi, kimekaa juu ya kitundu.

"Ni fundi gani ameweka takataka hii?" Nilikuwa tayari kumfuata huyo fundi hadi kwake.

Akanitazama. "Ilikuja nayo, kaka."

Hapo nikakumbuka. Nairobi, kila nikishika breki kwenye mteremko petroli ilikuwa inarukia suruali yangu. Nikamwambia fundi wa kando ya barabara aweke chochote. Akakata tyubu, nikampa shilingi 100 nikamsifu. Mimi haikunizimia kwa sababu nilikuwa natia petroli ya shilingi 200 kila baada ya siku moja, tanki halijai, kifuniko kinafunguliwa kila wakati, na kwenye foleni ya magari injini hainywi kwa kasi. Ilikuwa inangoja tu mtu mwenye safari ndefu na abiria mgongoni.

Tuliutoa ule mpira kwa ncha ya ufunguo, tukaenda Bamba na kurudi. Haikukohoa. Njiani nilijumlisha plagi, koili, CDI, ufundi wa watu watatu na zile wiki tano, na tulipofika Mariakani nikamtumia zote kwa M-Pesa. Alisoma ujumbe, akauliza, "Na lile jina la Marehemu nani atalifuta?" Sikuwa na la kumjibu.

Jioni nilimweleza Mama, naye mdogo wangu akiwa ameketi palepale, kwa kuwa yale ya kwanza niliyasema akiwepo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, habari za presha na vitundu na zote. Kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ule mpira ulikuwa wa nani?"

Hifadhidata, wiki ijayo.