Swali si Deni

Ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro langu, kuna karatasi moja ambayo imenikosesha kazi nne. Ni cheti changu cha KCSE. Alama zake si mbaya hata kidogo: Kiswahili nilipata A, Kiingereza B+, na wastani wangu ni B. Balaa haliko kwenye alama. Balaa ni kwamba cheti kina jina la msichana, na shule iliyoandikwa pale ni shule ya wasichana, hali anayekitoa kwenye bahasha ni kijana mwenye sauti nzito na ndevu zilizoanza kukolea kidevuni.

Kijana huyo ni mimi. Nilizaliwa nikaitwa binti, nikalelewa kama binti, nikapelekwa bweni na sanduku langu la bati kama mabinti wengine. Lakini tangu utotoni nilijua kwamba mahali fulani pametokea kosa. Watu kama sisi siku hizi tunaitwa transijenda. Sasa utaniuliza, ndugu msomaji, jina langu la kwanza lilikuwa lipi. Umeona? Hata ukurasa mmoja hatujamaliza, nawe umekwisha kuanza! Tulia kidogo. Makala haya yanahusu hayo hayo maswali.

Nimeyaandika kwa ajili ya dada mdogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Nairobi. Kisa chake ni changu kilichogeuzwa: yeye ni msichana, cheti chake kinasema ni mvulana. Alinijia jioni moja, tukaketi kwenye ngazi za ploti watu wakipita na mitungi ya maji, akaniuliza mambo matatu. "Kaka, na hiki cheti nitaajiriwa wapi? Dawa nianze lini? Na watu wakiniuliza-uliza, niwaambie nini?" Usiku ule nilimjibu ovyo ovyo kwa sababu stima zilipotea na watoto wakaanza kupiga kelele. Nikaenda kulala moyo ukinisuta. Basi dada, majibu yako ni haya.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita niliomba kazi ya kusahihisha prufu katika kiwanda kimoja cha uchapaji. Nilipewa ukurasa wa kalenda ya kanisa nitafute makosa. Nikapata kumi na tisa, na msimamizi, mzee wa makamo mwenye miwani, akacheka kwa furaha. "Huyu ana jicho!" akasema. Nikajiona tayari nimeketi kwenye ile meza ya karibu na dirisha. Kisha akaomba cheti.

"Hiki ni cha dada yako?"

"La, mzee. Ni changu."

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama mwenye duka anayekagua noti ya elfu. Akanitazama mimi, akatazama cheti, akanitazama tena.

"Kwani wewe ni nini haswa?"

Nikamweleza. Akamwita mhasibu aje asikie, mhasibu akamwita mtu wa stoo. Wakawa watatu, nami mmoja kwenye kiti cha plastiki. Ulikatwa? Unakojoa namna gani? Umewahi kulala na mwanamke? Mama yako anajua? Hebu tuone kifua! Nami, msomaji, nikajibu. Nilijibu kila walichouliza, isipokuwa shati ndilo sikulivua. Nilidhani kwamba nikiwa mkweli vya kutosha watanionea imani, na wakinionea imani watanipa kazi.

"Tutakupigia simu," wakasema. Sikupigiwa. Lakini baada ya wiki mbili makanga wa steji yetu aliniita kwa jina la kunikejeli ambalo sitaliandika hapa, na abiria wakacheka. Kumbe yule mtu wa stoo alikuwa na nduguye anayekaa mtaa wetu. Kabla mwezi haujaisha mwenye nyumba alinitaka nihame. Majibu niliyoyatoa bure kule kiwandani yalinigharimu nyumba.

Nililala kwa rafiki yangu siku arobaini, nikawaza sana. Wazee wetu walituachia neno kwamba ahadi ni deni. Hawakusema kwamba swali ni deni. Mtu hawi na haki ya jibu lako kwa sababu tu amefungua kinywa.

Sasa, kuhusu kazi. Dada, ujue kwanza kwamba huko unakopita kumepitwa. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 akiwa na jina la kiume, akapata A-. Baadaye alibadili jina, na Baraza la Mitihani likakataa kumbadilishia cheti. Akaenda mahakamani. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hoja moja ya hukumu ile naipenda sana: alama za mtihani hazitolewi kwa kuangalia jinsia ya mtahiniwa, kwa hiyo kuiondoa alama ya jinsia hakupunguzi thamani ya cheti. Hesabu uliyoikokotoa wewe uliikokotoa wewe, uitwe nani.

Lakini si kila mmoja wetu ana uwezo wa kukaa kortini miaka. Kwa hiyo anza na linalowezekana. Mtu mzima nchini Kenya anaweza kubadili jina kwa hati ya kisheria inayotayarishwa na wakili, ikasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Jinsia kwenye vitambulisho ni vita vingine, virefu zaidi. Jina lenyewe linapatikana. Ukishaipata hati hiyo, piga nakala nyingi, na unapokwenda kutafuta kazi usingoje cheti kikusemee. Tangulia wewe. Mimi nina maneno yangu niliyoyakariri kama shairi la shuleni: "Jina langu lilibadilishwa kisheria, hati ni hii. Cheti kina jina la zamani, alama ni zangu." Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Ukimaliza kusema, utasikia kimya kinakuvuta uendelee kujieleza. Usiendelee. Mwache mwenye kuuliza aulize, na uyapime maswali yake kwa namna nitakayokueleza mbele.

Utaambiwa pia ujiajiri, kwamba watu kama sisi tushone nguo au tusuke nywele kwa sababu huko hakuna anayeomba cheti. Ushauri huo una kweli ndani yake. Mimi mwenyewe sasa nala kwa kuwapigia watu miswada kwenye kompyuta na kuisahihisha, nikilipwa kwa ukurasa, na mteja huona kazi yangu kabla ya kuniona mimi. Lakini ikiwa moyo wako uko kwenye uuguzi au ualimu, usikubali kusukumwa kwenye cherehani kwa sababu ya uwoga wa watu wengine.

Kwa sisi tunaotaka kuwa waandishi, yupo mmoja ninayemkumbuka mara kwa mara. Jan Morris wa Uingereza, enzi zile akiitwa James, ndiye mwandishi wa habari wa gazeti la The Times aliyefuatana na msafara uliofika kileleni mwa Everest kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Mwaka 1972 alifanyiwa upasuaji Casablanca, Moroko. Mwaka 1974 akatoa kitabu, Conundrum, akaeleza habari zake kwa kalamu yake mwenyewe. Baada ya hapo akarudi kwenye kazi: miji, historia, safari, na riwaya, Last Letters from Hav, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1985. Aliendelea kuandika hadi uzeeni, akafariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 94. Yeye alikuwa tayari na jina na pesa, mambo ambayo mimi na wewe hatuna. Lakini nimechukua kwake jambo moja. Alijibu wakati wake ulipofika, kwa maneno aliyoyachagua, na hakukubali jibu lile liwe ndiyo kazi yake ya maisha.

Nije kwenye dawa. Hapa nitakuwa mkali, unisamehe. Mimi nilianza vibaya. Nilinunua testosteroni kwa jamaa wa jimu ambaye aliuza sindano kutoka kwenye begi la viatu. Hakuna aliyenipima. Miezi kadhaa baadaye kichwa kiliniuma kila asubuhi na uso ukawa mwekundu kama niliyetoka jikoni. Daktari niliyemwendea baadaye alipima damu akakuta chembe nyekundu zimezidi. Dawa hiyo huweza kuifanya damu iwe nzito, ndiyo sababu anayeitumia hupimwa mara kwa mara. Wewe utakayetumia estrojeni nawe una hatari zako, mojawapo ni damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa anayevuta sigara. Tena yako mabadiliko yasiyorudi nyuma. Sauti yangu ikishakuwa nzito, hata nikiacha dawa leo haitapanda tena. Mimi naifurahia. Lakini ni jambo la kulijua kabla ya sindano ya kwanza.

Usikimbizwe na mtu, wala usijilinganishe. Wapo wanaotumia homoni, wapo waliofanyiwa upasuaji, wapo ambao hawajagusa dawa wala hawataki. Hakuna mtihani wa kufaulu ndipo uitwe mwanamke. Akiba yako ikitosha daktari tu na isitoshe dawa, lipia daktari kwanza.

Na ni kwa daktari huyo nilikojifunza jambo ambalo ndilo shina la makala haya. Aliniuliza mambo ya siri kuliko wale watatu wa kiwandani. Aliuliza habari za hedhi, za kulala na watu, za kama nimewahi kutaka kujiua. Sikuona aibu. Nilirudi nyumbani nikajiuliza kwa nini. Nikakumbuka kwamba kabla ya kila swali alinieleza analiulizia nini: hili ni kwa ajili ya kipimo, hili ni kujua kama upo salama ukirudi nyumbani. Kila swali lilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kunifaa mimi.

Basi hicho ndicho kipimo, dada. Mtu akikuuliza, jiulize wewe kwanza: jibu langu litafanya kazi gani? Daktari ataniandikia dawa. Mwajiri anataka kujua kama jina la kwenye cheti na la kwenye hati ni la mtu mmoja, hapo jibu. Mwenye nyumba anataka kodi. Akiuliza yaliyo ndani ya suruali, hayo hayalipi kodi. Na kama hujui nia ya mtu, mwulize kwa upole, "Kwa nini unauliza?" Utashangaa ni wangapi hawana la kusema.

Haya si maringo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya siri pasipo sababu ya lazima. Ningelijua hilo nikiwa kwenye kile kiti cha plastiki, pengine ningeliinuka mapema. Lakini tumia akili pia. Saa tatu usiku stejini, katikati ya vijana waliolewa, usifungue katiba. Shika njia uende zako. Kunyamaza nako ni jibu, na kufika nyumbani mzima ni ushindi.

Usije ukafikiri nakwambia ufunge mlango kwa kila mtu. Desemba iliyopita nilikwenda kumwona nyanya yangu mashambani, kwa mara ya kwanza tangu sauti ibadilike. Mama alikuwa amekwisha kumwambia. Nyanya alinitazama muda mrefu, akanipa chai, hakusema kitu. Usiku, mama alipokwisha lala, aliniita pembeni ya kitanda chake.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi huwataja wote kila usiku nikiomba. Sasa wewe nimwambie Mungu jina gani?"

Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, polepole, akalikosea, nikamrekebisha, akalirudia tena hadi likakaa sawa. Hilo ndilo swali pekee mwaka ule nililolijibu huku nikilia kwa raha. Hakutaka kujua nimekatwa nini. Alitaka kujua aniweke wapi katika sala zake.

Kwa hiyo dada, maswali ya namna hiyo yakija, yajibu yote, hata kama muulizaji amekosea maneno. Anayetafuta mahali pa kukuweka mvumilie. Anayetafuta cha kwenda kusimulia stejini mwache na kiu yake. Nanyi waandishi wenzangu mnaosoma kurasa hizi, nanyi mna kalamu na udadisi kama mimi. Siku mtakapotaka kututia katika hadithi zenu, jiulizeni mlikuja kutafuta nini.

Kesho kutwa nina usaili mwingine, wa kazi ile ile ya kusahihisha prufu, mahali pengine. Bahasha nimekwisha kuitoa chini ya godoro. Cheti kimo ndani, na juu yake nimeweka hati ya jina langu. Wakiuliza kama naweza kuona kosa kwenye ukurasa, nitajibu.