Zama za Mali Kauli

Siku hizi kila mwandishi ninayefahamiana naye hapa London ana duka la vitabu. Halina rafu, halina kengele mlangoni, halina paka anayelala juu ya kamusi. Ni ukurasa kwenye Bookshop.org wenye jina lake na picha yake ya kistaarabu, na chini ya picha orodha zimejipanga: vitabu vyangu, vitabu nilivyosoma nikiandika riwaya yangu, vitabu vya kumpa mtoto asiyependa kusoma. Mimi pia ninalo. Kulifungua hakukufikia hata muda wa kuivisha wali.

Utaratibu wake ni mwepesi. Msomaji akipitia ukurasa wangu akanunua, ghala la Gardners lililoko Eastbourne linafunga kitabu na kukituma. Mimi napata asilimia 10. Asilimia 10 nyingine inaingia kwenye mfuko wa pamoja wa maduka madogo ya vitabu, nao hugawanywa sawa kwa sawa, kiasi kwamba duka la mji mdogo wa Uskoti linapata sawa na la katikati ya London. Na duka likiwa na ukurasa wake lenyewe, mteja akanunua hapo, linapata asilimia 30 bila mwenyewe kugusa hata bahasha.

Ni mpango wa kiungwana, na ulifika wakati unahitajika. Andy Hunter, mchapishaji wa New York, aliufungua Marekani Januari 2020. Wiki chache baadaye UVIKO-19 ukafunga milango, na watu waliokuwa wameapa hawatauza kitabu kwa mteja wasiyemwona usoni wakawa hawana njia nyingine. Uingereza ulifika Novemba mwaka huohuo, siku chache kabla hatujaamriwa kurudi tena ndani. Nawajua wenye maduka ambao mgawo huo uliwalipia pango la Krismasi ile.

Hata hivyo, kila ninapobandika linki yangu mahali, namkumbuka bibi mmoja.

Alikuwa na duka kaskazini mwa London, chumba kimoja na stoo, mwishoni mwa miaka ya 90. Kitabu changu cha kwanza kilipotoka, nilikwenda kwake na nakala kumi kwenye mfuko wa Rambo niliotoka nao Dar. Hakutazama jalada. Alifungua ukurasa wa kwanza akausoma wote akiwa amesimama, miwani imeshuka puani, na mimi nimesimama mbele yake kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Kisha akatoa daftari, akaweka karatasi ya kaboni, akaandika: nakala kumi, mali kauli, asilimia 40 ya duka, hesabu baada ya miezi mitatu. Nakala moja akaiweka jalada likitazama mlango. Akanionya kwamba heshima hiyo ni ya wiki mbili tu, mwanangu, baada ya hapo kitabu kitasimama mgongo nje kama wenzake.

Miezi mitatu ikageuka mitano, maana pesa zake zilikuwa hazina haraka. Ukienda kudai unakaribishwa chai, unaoneshwa kitabu kilichoingia jana, na unaondoka umenunua vitabu kuliko ulivyolipwa. Ndivyo nilivyopata *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah. Alinisukumia mkononi akisema ni aibu mtu wa pwani kuja mpaka huku bila kukisoma. Oktoba 2021, Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel na watu wakaanza kuhangaika kutafuta vitabu vyake vilivyokuwa vimeadimika, nilimfikiria sana. Tangu 1994 kilipotoka, alikuwa akikiuza kimoja kimoja, kwa mdomo wake.

Kitu kingine alichokifanya, ambacho ukurasa wangu hauwezi, ni kumnyima mteja. Nilimshuhudia akichukua kitabu kutoka mkononi mwa kijana aliyekwisha kutoa noti, akakirudisha rafuni. Hiki hutakipenda, akamwambia, chukua kile, ukikimaliza njoo tubishane. Kitufe cha ukurasa wangu kinauza chochote kwa yeyote, saa nane za usiku, na kinamtakia kila la heri.

Hakuwa peke yake. New Beacon, duka la vitabu la Finsbury Park lililoanzishwa na John La Rose na Sarah White mwaka 1966, lilianzia nyumbani kwao. Jessica na Eric Huntley, wahamiaji kutoka Guyana, waliuza vitabu sebuleni huko Ealing kabla ya kupata duka. Hao ndio waanzilishi wa shirika la uchapishaji la Bogle-L'Ouverture, ambao mwaka 1972 walichapisha *How Europe Underdeveloped Africa* kwa ubia na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, wakati mwandishi wake, Walter Rodney, akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Rodney alipouawa mwaka 1980, wakalipa duka jina lake. Maduka hayo yalivunjwa vioo na kuandikwa matusi na wabaguzi miaka ya 70, mpaka wenyewe wakaungana kujihami. Kitabu kilichofungua macho ya vijana wengi wa Mlimani na wa London kilipita mikononi mwa watu waliokuwa wakiokota vipande vya kioo asubuhi kabla ya kufungua biashara. Natumaini mtu atanielewa nikisema kwamba asilimia 10 ya mfuko wa pamoja, pamoja na wema wake wote, haitazaa duka la namna hiyo. Inaweza kulisaidia lisife, na hilo si dogo.

Maana yamekufa mengi. Mwaka 1995 wachapishaji wakubwa wa Uingereza waliyaacha makubaliano ya tangu 1900 yaliyozuia kitabu kuuzwa chini ya bei iliyopangwa. Kabla ya miaka mingi supamaketi zikawa zinauza riwaya mpya kwa nusu bei, jirani na sabuni. Mwaka huohuo wa 1995, upande wa pili wa bahari, Amazon ikaanza kuuza vitabu, na mwaka uliofuata ikaanzisha mpango wa kumlipa kamisheni yeyote atakayeiletea mteja. Udalali huu tunaouona wa kisasa umri wake si chini ya huo. Wakati ule maduka huru ya vitabu Uingereza yalizidi 1,800. Kufikia 2016 hayakufika 900. Baadaye yakaanza kuongezeka tena. 2022 yalikuwa yamevuka 1,000.

Miaka ya 2000, mwandishi aliyejiheshimu alijengewa tovuti yenye kitufe kimoja cha kununulia, na kitufe hicho kilielekea kwa Amazon, Seattle. Kwenye tamasha la fasihi mtu huyohuyo angepanda jukwaani kuyalilia maduka yanayofungwa, akashangiliwa. Bibi yangu aliwahi kuniambia kwamba hasira yake haikuwa kwa kampuni, kwa sababu kampuni ilikuwa ikitafuta riziki yake. Alichotaka kujua ni kwa nini watu aliowaweka jalada nje hawakuwahi kuandika anwani yake chini ya majina yao. Duka lake lilifungwa kabla hajapata jibu. Siku hizi pale wanauza kahawa na keki.

Kwa hiyo nikiona waandishi leo wakipeleka linki zao kwenye ukurasa unaoyakatia maduka fungu, nafurahi, halafu nafanya hesabu, na hesabu inanipunguzia furaha. Tuchukue kitabu cha jalada jepesi kinachouzwa pauni 9.99. Kwa mkataba wa kawaida wa hapa, mrabaha wa mwandishi ni asilimia 7.5, yaani peni 75 hivi. Kamisheni ya ukurasa ni karibu pauni nzima. Maana yake nikimpendekeza mwenzangu kwenye orodha yangu, akauzika, mimi niliyebandika linki nakula zaidi ya yeye aliyekesha miaka minne akiandika. Tulianza uandishi, tukaishia udalali, na udalali ndio unaolipa. Na muuzaji aliyekuwa akijua kipi kimfae nani amegeuka mtu wa kupokea mgawo wa mauzo asiyoyaona. Rafiki yangu mwenye duka kusini mwa mto hulichukulia hilo kwa utani: anasema mgawo unalipa umeme, lakini haujawahi kuingia dukani umelowa mvua ukaulizia kitabu chenye jalada la bluu ambacho hata jina haukumbuki.

Tena ukurasa huu wa Uingereza hautumi kitabu nje ya Uingereza. Dada yangu yuko Tanga na wasomaji wangu wengi wako ng'ambo ile. Kwao duka langu ni picha ya kutazama.

Nyumbani wenzetu wametafuta njia yao, na wamekuwa wepesi kuliko sisi. Mpwa wangu ametoa riwaya yake ya kwanza Dar. Hakupita kwa muuzaji yeyote. Anaweka jalada kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja anatuma pesa kwa simu, wa mjini anapelekewa na bodaboda, na wa Mwanza kitabu chake kinapakiwa basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, akakipokee upande wa pili. Akiulizwa mrabaha wake ni asilimia ngapi, anacheka. Mimi katika umri wake nilizunguka Posta na Kariakoo na mfuko uleule wa Rambo, nikilala njaa kwa sababu wenye maduka walisema hesabu bado haijafungwa. Siwezi kumwambia arudi huko.

Ila hakuna hata senti moja ya mauzo yake inayofika duka la vitabu. Huku Uingereza na kule Marekani muuzaji ametengewa fungu lake, kwa woga au kwa heshima. Kwetu tumemruka, na kwa kuwa alikuwa mgumu wa kulipa, hakuna aliyemsikitikia. Wakati alikuwa ndiye mtu pekee mtaani aliyeweza kumwambia kijana: hiki hutakipenda, chukua kile.

Nilimwambia mpwa wangu hayo kwa simu juzi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikampa wazo: katika kila nakala atenge shilingi elfu moja, apelekee duka moja la vitabu, na waingie makubaliano kwamba duka litaweka kitabu chake mbele na yeye ataliandika jina la duka kwenye kila tangazo. Aliliona wazo zuri. Akauliza, "Sasa mjomba, nimpelekee nani?"

Nikamtajia maduka mawili niliyoyafahamu. La kwanza, akasema, bado lipo, ila sasa linauza madaftari, sare za shule na mabegi, na vitabu vilivyobaki ni vya kiada tu. La pili halijui. Nikamwelekeza: ukishuka Posta, ingia Samora, ulizia wauza vitabu wa barazani, wao watakuonesha. Akasema atakwenda Jumamosi kama hatakuwa na vifurushi vya kupeleka stendi.