Kuweka Taratibu za Somo la Mtandaoni: Mambo Tuliyoyaona Juba

Siku hizi vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki vinafundisha kwa njia ya mtandao, na sisi walimu wa Kiswahili hatukuachwa nyuma. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya vitabu na programu zinazofaa kwa kazi hiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo aghalabu hupitiwa juu juu, nalo ni ule waraka ambao mwalimu huwapa wanafunzi wake siku ya kwanza, unaowaeleza anatarajia nini kwao, na wao watarajie nini kwake: kazi zitapokelewa lini, mahudhurio yatahesabiwaje, anayechelewa atafanywa nini. Wengine huuita muhtasari wa kozi. Sisi katika makala haya tutauita taratibu za somo. Waraka huo huandikwa upesi, mara nyingi kwa kunakili ule wa mwaka uliopita, na kumbe ndio unaoamua nani atafika mwisho wa kozi na nani ataachwa njiani. Tunakusudia kueleza yale tuliyoyaona katika kuwafundisha Kiswahili wanafunzi wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini.

Kwanza yafaa msomaji awajue wanafunzi wenyewe. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Lugha ya serikali ni Kiingereza, na lugha ya sokoni, toka Konyokonyo hadi Gudele, ni Kiarabu cha Juba. Kiswahili kimeingia pamoja na watu: vijana waliolelewa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, waliosoma Uganda wakati wa vita, na wafanyabiashara wanaopokea malori yanayopitia Nimule. Kwa hiyo katika darasa moja tunao wasemao Kiswahili kwa kasi ya makanga wa Nairobi lakini hawajapata kuandika barua hata moja, na tunao waliojifunza ngeli zote kitabuni lakini wakisalimiwa huona haya kujibu. Wengi wao ni walimu wa shule. Husoma baada ya kazi, kwa ada waliyoipata kwa kujinyima, wakitumaini kwamba siku Kiswahili kitakapoingia barabara katika shule za nchi yao, wao ndio watakaokifundisha. Kwa mtu wa namna hiyo alama ya sifuri si jambo dogo.

Wala kuwa mbali na chuo si jambo geni katika mji huu. Chuo Kikuu cha Juba kiliundwa mwaka 1975. Vita vilipopamba moto kikahamishiwa Khartoum mwaka 1989, na kikakaa huko miaka mingi, hata baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005. Wazee wa hapa wanajua maana ya chuo kuwa upande mmoja na mwanafunzi upande mwingine. Tofauti ni kwamba siku hizo umbali ulipimwa kwa maili, na sasa unapimwa kwa umeme, kwa bando la intaneti na kwa saa.

Juu ya saa tutakaa kidogo. Taratibu za kwanza tulizozitumia hatukuziandika sisi. Ziliandikwa katika chuo kimoja cha nchi jirani, tukakabidhiwa tuzitekeleze. Kifungu cha nne kilisema: kazi zote zitumwe kabla ya saa sita usiku wa Jumapili, na itakayochelewa haitasahihishwa. Kwa aliyekiandika, kifungu hicho kilikuwa wazi kama maji. Hebu na tukisome kwa macho ya mwanafunzi wa Juba.

Katika Kiarabu cha Juba hesabu ya sita huitwa sita, saba huitwa saba, na tisa huitwa tisa, kama kwetu, maana sote tumeyapata maneno hayo katika hazina moja. Lakini Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na linapotua, na watu wa Juba wanahesabu kama Waarabu na Wazungu wanavyohesabu. Saa sita yao ni saa kumi na mbili yetu. Mwanafunzi hakulikuta neno geni hata akafungue kamusi. Alilikuta neno analolijua toka utotoni, akalielewa kwa maana ya kwao. Halafu huo usiku wa Jumapili ni upi? Kwa wazee wa pwani, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumapili ni ule unaokucha Jumapili. Kwa waliozoea kalenda ya ofisini, ni ule unaofuata. Tena tangu tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini imerudisha saa yake nyuma, ikawa saa moja kamili nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Juba anayetuma kazi akiwa na nusu saa mkononi, kwa saa ya chuo amekwisha kuchelewa nusu saa.

Haya si mambo ya kubuni. Mwanafunzi wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye watoto, alielewa kuwa kazi inatakiwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri ya Jumatatu, maana wakati huo bado kuna giza naye alihesabu kuwa ni usiku. Aliamka saa tisa, akaiandika upya kwa mwanga wa simu, akaituma kabla ya jogoo la pili. Akapewa sifuri. Tulipowaandikia wakuu wa kozi tukaeleza maana ya sita katika Kiarabu cha Juba, tulijibiwa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hana budi kujua saa. Mwanafunzi yule alirudia somo muhula uliofuata, kwa ada nyingine.

Muhula huo tuliruhusiwa kuandika taratibu zetu wenyewe. Tuliandika hivi: kazi itumwe Jumatatu, na tarehe ikatajwa, saa nne asubuhi kwa saa ya Juba, yaani 10:00. Wenzetu wawili watatu walituuliza kwa nini tumeacha saa sita ya usiku ambayo vyuo vyote huitumia. Jibu letu ni kwamba saa sita ya usiku ni saa ya mtu mwenye umeme nyumbani. Wengi wa wanafunzi wetu huchaji simu mchana, kazini kwenye jenereta au katika vibanda vya sokoni, na kufikia usiku betri imekwisha. Saa nne asubuhi humkuta mtu amefika kazini, simu imepata moto, mtandao upo.

Ama kuhusu wanaochelewa, hapo ndipo tulipobishana zaidi. Tuliamua kwamba kila mwanafunzi atapewa siku tatu za akiba kwa muhula mzima, azitumie apendavyo bila kutoa sababu. Zikiisha, kila siku ya kuchelewa itampunguzia sehemu moja katika kumi ya alama, bila mjadala. Wako walimu waliotuambia kwamba tutawazoesha uzembe. Hatuafikiani nao. Mwalimu anayedai sababu kwa kila kuchelewa hujifanya hakimu wa misiba ya watu: aliyefiwa alete ushahidi wa msiba, mgonjwa wa malaria alete karatasi ya zahanati, na aliyekatikiwa mtandao hana karatasi ya kuleta hata akitaka. Anayeshinda katika baraza hilo ni mwenye ulimi mwepesi, si mwenye haki. Tena tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: wengi waliziweka siku zao kama mtu awekavyo fedha ya dharura, wakafika mwisho wa muhula hawajazigusa.

Mahudhurio nayo yalitupa kazi. Taratibu za zamani zilimtaka kila mwanafunzi aingie kwa simu yake na kuiacha kamera wazi muda wote wa kipindi. Kamera hula bando, na bando ni fedha ya chakula. Isitoshe humfungulia mwalimu mlango wa nyumba ambayo hakukaribishwa. Hiyo tuliifuta mara moja. La simu moja kwa kila mtu lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu tuligundua kuwa wanafunzi wanne wa Munuki walikuwa wakikusanyika mahali pamoja na kusikiliza kwa simu ya mmoja wao, na kwa hesabu ya chuo watatu walikuwa hawahudhurii. Hapo tulikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya Tanzania mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa redio, na walijifunza kwa vikundi: redio moja, kijitabu, kiongozi aliyefundishwa kuongoza mazungumzo, na watu wakizungumza baada ya kipindi. Hakuna aliyedai kila mkulima awe na redio yake. Basi tukaandika kwamba kikundi chenye simu moja kitahesabiwa watu wake wote, mradi kila mmoja asikike sauti yake angalau mara moja katika kipindi. Kwa somo la lugha, kusikika ndiko kuhudhuria.

Matangazo tuliamua yapite njia mbili kila mara, na ya haraka yapite kwa ujumbe mfupi wa simu. Faida yake ilionekana Januari 2025, serikali ilipoamuru Facebook na TikTok zifungwe kutokana na picha za mauaji ya Wasudan Kusini katika nchi ya Sudan. Zilifunguliwa kabla ya mwezi kwisha, lakini kozi iliyotegemea ukurasa wa Facebook peke yake ilikuwa imepoteza ubao wake wa matangazo.

Linalowahusu hasa wasomaji wa jarida hili ni Kiswahili gani tukitarajie. Kuandika kwamba Kiswahili sanifu tu ndicho kitakachokubaliwa ni rahisi, na ni kumfunga mdomo kijana wa Kakuma aliyekuja na lugha nzima mdomoni. Anayesema "kitabu yangu" amekwisha kuvuka mto. Kilichobaki ni kumshika mkono apande ukingo. Taratibu zetu zinatenganisha: katika kazi za kuandika usanifu unadaiwa tangu siku ya kwanza; katika mazungumzo hakuna atakayekatizwa kwa wiki sita, kisha tunaanza kusahihisha, jambo moja kwa kila kipindi. Na waliojifunza kwa vitabu wametakiwa, kwa upande wao, kutowacheka wenzao. Kifungu hicho cha kutocheka ndicho tulichokitekeleza kwa ukali kuliko vyote.

Kuhusu programu za akili bandia, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa 2022, hatuna mengi. Insha yenye "kwa kuhitimisha" na "hivyo basi" kila aya, itokayo kwa mtu aliyeshindwa juzi kukanusha kitenzi, haihitaji mpelelezi. Mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia programu kutafuta neno, akisema kwamba ameitumia. Na kila insha huambatana na sauti yake ya dakika mbili akituhadithia alichoandika. Sauti ya dakika mbili haili bando kubwa, na mtu hawezi kuhadithia kwa urahisi insha asiyoiandika.

Taratibu hizi hatukuzituma tu zikasomwe. Tulizifanya kuwa somo la kwanza la ufahamu. Wanafunzi walitafuta maana ya "endapo" na "isipokuwa", wakageuza "haitapokelewa" kuwa "mwalimu hataipokea", na walipoigeuza wakaona kwamba nyuma ya kila kitenzi cha namna ile yupo mtu aliyejificha. Wakauliza: mbona mwalimu haandikiwi la kufanya? Kifungu chetu cha mwisho kilikuwa kinasema kwamba kazi zitarudishwa katika siku 7, na tukipitisha siku hizo darasa zima litaongezewa siku moja ya akiba. Mama mmoja alicheka akasema, "Ustaz, hata wewe unajiwekea adhabu?" Wao pia waliongeza kifungu chao. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufikia nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena. Wanafunzi walitaka siku za namna hiyo zisihesabiwe katika kozi yetu pia, maana joto halimbagui anayesomea nyumbani, chini ya bati. Tulikubali, kikaandikwa kwa maneno yao, na kosa moja la upatanisho tukalisahihisha pamoja.

Lililobaki ni mtihani. Chuo kinataka wote waufanye mbele ya msimamizi mjini Juba. Kwa wa Munuki na Kator ni safari ya bodaboda. Kwa wawili walioko Yei ni safari ambayo hatuwezi kumwamuru mtu aifanye, kwa hali ya barabara na usalama wake. Tumependekeza wafanyiwe mtihani wa mdomo kwa simu ya kawaida, ambayo hupita mahali intaneti isipopita, pakiwa na walimu wawili wanaosikiliza, na sehemu ya kuandika isimamiwe na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nao. Hadi tunapoandika makala haya hatujajibiwa, na mtihani umepangwa baada ya wiki tano. Wale wawili tumewaambia waendelee kujitayarisha.