Chakula Hai cha Gongoni

Kaskazini ya Malindi, ukishaipita Mambrui, barabara iendayo Garsen hukufikisha Gongoni, penye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari hupitishwa kidimbwi hadi kidimbwi, jua likiyakausha, hata yakawa makali yasiyokalika na samaki. Humo tuliinama kumtazama atemia, mfano wa kamba mdogo, urefu wake kadiri ya sentimita 1. Si mwenyeji, aliletwa pwani yetu miaka ya 1980.

Tulimkumbuka farasi wa bahari, afugwaye majumbani katika matangi ya kioo. Hana mfuko wa tumbo. Chakula humpita upesi, naye hutaka kulishwa mara kadhaa kwa siku. Aliyevuliwa baharini aghalabu hukataa kilichokufa, akakonda mbele ya chakula tele. Huo si ukaidi, ndivyo alivyoumbwa.

Mayai makavu ya atemia, yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto la digrii 28 na kupulizwa hewa, huanguka kwa siku moja hivi. Wachanga hao huwafaa vitoto vya farasi, mradi waliwe mapema, kabla hawajamaliza kiini walichozaliwa nacho. Farasi mkubwa hutaka atemia waliokomaa, nao huchukua wiki mbili au zaidi. Basi, enyi mama zetu, watoto wakimtamani farasi huyo, chupa za kuangulia na zitangulie nyumbani, tangi lifuate.