Hesabu za Dakika Moja na Robo Tatu

Kwenye rafu ya mwalimu mmoja wa hisabati mjini Singida kuna kauntabuku mbili za maswali ya GRE, mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu vingi vya Marekani kuchuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Ya kwanza aliianza mwaka 2009. Humo kila swali limepewa ukurasa wake: taarifa zilizotolewa, kanuni, hatua moja baada ya nyingine hadi chini, na jibu limepigiwa mistari miwili kwa rula. Ya pili ni ya miaka ya karibuni, tangu vijana walipoanza kumfuata awasaidie. Ukurasa mmoja una maswali kumi na zaidi, na mengi hayana hata jibu la namba. Imeandikwa "8 na 9", pembeni pametiwa tiki, basi, swali limekwisha.

Mkono ulioandika ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kulitazama swali, na badiliko hilo lilimchukua muda mrefu kuliko somo lolote alilowahi kusoma darasani.

Alilelewa na mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kama Watanzania wote wa rika lake. Karatasi ya Basic Mathematics ya kidato cha nne ilikuwa ya saa tatu: maswali 10 ya sehemu A yote, na manne ya kuchagua kati ya sita ya sehemu B. Ukigawanya, kila swali linapata karibu dakika 13. Kalkuleta haikuruhusiwa, majedwali ya hisabati yaliruhusiwa, na maelekezo ya juu ya karatasi yalidai kazi yote ionyeshwe waziwazi. Mtahiniwa akiteleza kwenye jibu la mwisho lakini njia yake ikaeleweka, anaokota alama za njia. Huo ni utaratibu wa haki, na mwalimu anautetea mpaka leo, kwa sababu unamlipa mtoto kwa alichokifikiri. Ila mtu aliyezoeshwa hivyo kwa miaka mingi, kisha akafundisha wengine vilevile, mkono wake haukubali kuruka mstari.

Kilichomfikisha kwenye GRE ni nia ya kusoma uzamili ng'ambo. Mwenzake aliyetoka Dar es Salaam alimletea fotokopi ya kitabu kinene ambacho ETS, taasisi inayotunga mtihani huo, ilikitoa miaka ya 1990 kikiwa na mitihani 27 ya zamani. Aliipekua sehemu ya hesabu akashangaa. Hakuna calculus. Hakuna trigonometria. Yeye alikuwa akifundisha Advanced Mathematics kwa wanafunzi wa tahasusi za PCM na EGM, na hapa aliona asilimia, uwiano, pembetatu, wastani, namba tasa. Mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeyatambua.

Kisha akaangalia muda wa mtihani aliokuwa anaelekea kuufanya. Maswali 28 kwa dakika 45, bila kalkuleta wala majedwali. Tena mtihani wa wakati huo, ukifanyika kwenye kompyuta, ulikuwa na tabia yake: mashine ilichagua swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu yaliyotangulia, na ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma. Ile mbinu ya kuliruka swali gumu ili uje ulimalizie mwishoni, inayofundishwa katika kila sekondari nchini, haikuwa na nafasi.

Aina ya maswali iliyomsumbua zaidi ni ya kulinganisha. Mtahiniwa anapewa kiasi A na kiasi B, naye aseme A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au haiwezekani kujua kwa taarifa zilizopo. Mojawapo alilolifanyia kazi jioni moja, walimu wenzake wakiwa wameshaondoka, lilikuwa hili: A ni 2 yenye kipeo cha 30, B ni 3 yenye kipeo cha 20. Mwalimu akafanya alichokijua. Logi ya 2 ni 0.3010, zidisha kwa 30, unapata 9.03. Logi ya 3 ni 0.4771, zidisha kwa 20, unapata 9.542. Basi B ni kikubwa. Jibu ni sahihi, na ukurasa ule bado upo, msafi kama wa kitabu. Tatizo ni kwamba chumba cha mtihani hakina majedwali, na zile namba mbili za logi si kila mtu anazo kichwani.

Aliendelea kulitazama hadi akaona kwamba vipeo 30 na 20 vyote vinagawanyika kwa 10. 2 yenye kipeo cha 30 ni 8 yenye kipeo cha 10, na 3 yenye kipeo cha 20 ni 9 yenye kipeo cha 10. Kati ya 8 na 9 nani mkubwa? Hakuna cha kuzidisha hapo. Swali halikuwa limeomba thamani ya A wala ya B; liliuliza nani kamzidi mwenzake tu.

Kuanzia hapo akawa anayasoma maswali kwa jicho jingine. Lile chaguo la nne ndilo lililomfunza mengi. Kwenye mitihani aliyoizoea, swali likiletwa lina jibu, na taarifa zote zilizomo zina kazi. Hapa aliambiwa kwamba mraba wa x ni 16, kisha alinganishe x na 4. Anayekimbilia kuandika "vinalingana" amemsahau hasi 4, ambaye mraba wake nao ni 16. Jibu ni kwamba haijulikani. Michoro nayo ilitolewa pamoja na tahadhari kwamba si lazima iwe imechorwa kwa vipimo, kwa hiyo pembe inayoonekana ya mraba haiaminiki mpaka iwe imeandikwa hivyo au ithibitike.

Alisafiri karibu kilomita 700 kwa basi kupitia Manyoni, Dodoma na Morogoro, akashukia Ubungo, akafanya mtihani Dar es Salaam. Alama alizopata zilimtosha kwa chuo alichokitaka, akasoma, akarudi Singida kufundisha.

Wakati huo mtihani wenyewe ulikuwa unageuka. Agosti 2011 ETS iliacha alama za 200 hadi 800, ikaleta za 130 hadi 170. Ikaweka kalkuleta kwenye skrini. Ikaruhusu mtahiniwa kurudi kwenye swali ndani ya sehemu ileile. Kompyuta haikuchagua tena swali mojamoja, bali sehemu nzima ya pili kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Septemba 2023 mtihani ukapunguzwa kutoka takriban saa tatu na dakika 45 hadi chini ya saa mbili. Hesabu sasa ni maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Gawanya: dakika moja na robo tatu hivi kwa swali.

Kalkuleta ile imewaponza wengi. Vijana wanaokuja kwake, wengine wahitimu wa uhasibu, wengine walimu wenzake, wakiiona wanafurahi, wanaanza kubonyeza. Mwalimu huwaambia waiache kwa mwezi wa kwanza. Huwapa swali la alizeti, zao ambalo kila kaya ya Singida inalijua: bei ya gunia imepanda kwa asilimia 20, kisha imeshuka kwa asilimia 20, linganisha bei ya mwanzo na ya mwisho.

"Shikamoo mwalimu, samahani, bei ya mwanzo ilikuwa shilingi ngapi?" huuliza aliyechelewa kufika.

"Marahaba. Haijatolewa."

"Sasa tutakokotoaje?"

Wanakaa kimya kidogo, halafu mmoja anasema weka mia. Mia inakuwa 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, inabaki 96. Mwalimu haishii hapo. Anawauliza kwa nini mia imefaa, na kama ingekuwa elfu 70 ingekuwaje, mpaka waone kwamba 1.2 mara 0.8 ni 0.96 kwa bei yoyote ile duniani. Hapo ndipo anapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na hajuti, maana mtu akishaelewa kwamba kinachokosekana pengine hakihitajiki, amepata zaidi ya alama.

Amelirudisha hilo hata kwa watoto wake wa kidato cha tatu. Kabla hawajashika kalamu, wanatakiwa waseme jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko nini, na kwa sababu gani. Baada ya hapo wanaandika njia yote, mstari kwa mstari, kama NECTA inavyotaka. Hakuona sababu ya kuacha kimoja kwa ajili ya kingine.

Kinachomuuma ni gharama. Ada ya GRE sasa ni dola 220 za Marekani katika nchi nyingi, fedha nzito kwa kijana anayejitolea kufundisha shule ya kata. Ndiyo maana kazi ya kwanza anayowapa si ya hesabu: waandike majina ya idara wanazotaka kuomba, kisha wathibitishe moja moja kama bado zinadai mtihani huo, kwa kuwa nyingi zimeuondoa, hasa baada ya 2020. Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha nyingi. ETS inatoa bure marejeo ya hesabu na mitihani ya majaribio ya kompyuta. Bando la siku chache linatosha kupakua marejeo hayo.

Tangu 2020 mtihani unaweza kufanyiwa hata nyumbani, mbele ya msimamizi anayekutazama kwa kamera. Msimamizi anataka kuonyeshwa chumba kizima. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi; unaandika kwenye ubao mdogo, au kwenye karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, kwa kalamu ya kufutika, na mwisho unafuta yote akiona. Binti mmoja anayejiandaa sasa kuomba uzamivu wa uchumi, katika idara ambayo bado inadai GRE, alifanya zoezi kwa mtindo huo wiki kadhaa, akajifunza kuandika kidogo kwa kuwa plastiki inajaa haraka. Daftari lake linafanana na kauntabuku ya pili ya mwalimu.

Hata hivyo ameamua kufanyia Dar es Salaam, kwa kuwa mtandao wa nyumbani kwao haumpi uhakika. Atapanda basi hadi Dodoma, halafu treni ya SGR iliyoanza safari za huko mwaka 2024. Tiketi ameshakata, na jioni hii wanarudia uwezekano na mpangilio, mada anayosema bado inampiga chenga.